Kasha la njumu, almari, kabati la vioo au la chuma: lipi la zamani linakufaa nyumbani?

Anayetafuta kabati la zamani katika maduka ya Mji Mkongwe Zanzibar, Mji wa Kale Mombasa, au minadani Dar es Salaam na Nairobi, mara nyingi huvutwa na shaba, nakshi na weusi wa mbao. Bei nayo hupandia hapo hapo. Ukishalifikisha nyumbani, maswali yanabaki mawili: vitu vyako vinaingia? Vikiingia, vitabaki salama?

Hapa tunalinganisha aina tano zinazopatikana zaidi ukanda huu: kasha la njumu (sanduku la mbao lililopambwa kwa misumari ya shaba), almari ya nguo ya mbao nzito, kabati la vyombo lenye vioo, kabati fupi la vinia (lililovikwa ukanda mwembamba wa mbao nzuri) la miaka ya 1950 na 1960, na kabati la chuma. La sita, kabati la wavu la jikoni, tunaligusia kidogo kwa sababu wengi wanalipuuza bure.

Msimamo wetu tuutoe mapema. Ukitaka kipande kimoja tu kwa nyumba ya kawaida ya mjini, nunua almari ya msaji au mvule inayofunguka vipande vipande. Kasha liwe la pili. Kabati la chuma ndilo linalodharauliwa kuliko yote, na katika nyumba yenye mchwa ndilo la kwanza kufikiriwa.

Pima kabla ya kupatana bei

Shati lililotundikwa kwenye hanga linahitaji kina cha ndani cha sentimita 55 hadi 60. Almari nyingi za zamani zina 45 hadi 50, kwa kuwa zilikusudiwa kulabu za mgongoni na rafu za nguo zilizokunjwa. Ukilazimisha fimbo ya hanga ya kukata kulia na kushoto, mabega ya nguo yatagusa mlango na mlango hautafunga. Dawa yake ni fimbo fupi inayotoka nyuma kuja mbele, nguo zikikuangalia. Hapo kina cha sentimita 45 kinatosha hanga saba au nane kwa kila fimbo, na upana wa sentimita 110 unachukua fimbo mbili.

Sahani kubwa ya chakula ina kipenyo cha sentimita 27 hivi, kwa hiyo rafu ya 30 inatosha. Sinia la pilau ni habari nyingine. Lenye sentimita 50 haliingii katika kabati la vioo la kina cha 35, labda ulisimamishe, na likisimamishwa bila kizuizi litateleza livunje kioo. Faili kubwa la ofisini lina urefu wa sentimita 32 na kina cha 29. Vitabu vinaridhika na 25 hadi 30, ila ni vizito: rafu ya mbao yenye unene wa sentimita 2 isiachwe wazi zaidi ya sentimita 80 bila mhimili, la sivyo itapinda, na iliyopinda hainyooki tena.

Kisha pima njia. Hapa ndipo watu hukwama. Kabati likiinuliwa kutoka kulala hadi kusimama, huzunguka kwa mshazari wake, kwa hiyo urefu wake pekee haukuambii kitu. Kabati la urefu wa sentimita 210 na kina cha 60 lina mshazari wa karibu 218, kwa hiyo chumba chenye dari ya 215 hakilisimamishi ingawa kwa karatasi lingetosha. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe na Lamu zina kona kali, na kipande kirefu kisichofunguka huishia kupandishwa kwa kamba kupitia dirishani, kama dirisha lenyewe halina nondo.

| Aina | Linafaa zaidi kwa | Kina cha kawaida (sm) | Kinachoharibika kwanza | Fundi |
|---|---|---|---|---|
| Kasha la njumu | mashuka, khanga, mablanketi | 45–60 | kitako na bawaba | seremala, mfua shaba |
| Almari ya mbao nzito | nguo | 45–60 | mgongo na miguu | seremala |
| Kabati la vioo | vyombo, vitabu vichache | 30–45 | bawaba na vishikilia vioo | seremala |
| Kabati fupi la vinia | vyombo vya sebuleni, vifaa | 40–50 | kingo za chini | seremala mwenye subira |
| Kabati la chuma | hati, nguo, vitu vya thamani | 45–50 | kitako (kutu) | mchomeleaji, fundi wa vitasa |

Kasha na almari

Makasha yanayouzwa kwa jina la Zanzibar au Lamu, mengi hayakutengenezwa hapo. Yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, hasa Surat, Bombay na pwani ya Malabar, na mengine kutoka Ghuba. Wauzaji hadi leo huyagawa kwa mitindo ya Surat, Bombay na Shirazi. Mafundi wa Zanzibar na Lamu nao walitengeneza ya kwao na wanaendelea, kwa hiyo kasha la kienyeji si lazima liwe la kuiga. Kosa ni kuuziwa jipya kwa bei ya la zamani.

Mbao zake ni msaji, au mti mzito wa India wa jamii moja na mpingo wetu, wenye wekundu uliokolea na mistari myeusi. Muuzaji akisema ni huo mti mzito, uzito utamuumbua. Kasha la sentimita 120 kwa 50 kwa 55, lenye mbao za unene wa sentimita 2.5, linameza takriban mita za ujazo 0.077 za mbao. Kwa msaji hiyo ni kama kilo 50, na kwa mti ule ni karibu kilo 65, kabla ya kuhesabu shaba. Watu wawili wakiliinua bila kuguna, basi mbao si nzito kiasi hicho au ni nyembamba kuliko zinavyoonekana ukingoni.

Ndani, upande wa kushoto kwa kawaida, utakuta kibweta: kisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Ukiinua au kutelezesha ubao wa kibweta, makasha mengine yana vijidroo vya siri chini yake. Vikutane na mkono wako kabla ya kulipa. Ubao uliokwama au uliopigiliwa msumari mpya unaonyesha fundi aliwahi kuficha kitu, mara nyingi kitako kilichooza. Droo za chini, mbili au tatu, ndizo zinazofanya kasha liwe na matumizi ya kila siku. Kasha lisilo na droo ni la vitu unavyovigusa mara chache, kwa kuwa kila unachokihitaji kitakuwa chini kabisa, na juu ya mfuniko tayari kutakuwa na redio, maua na magazeti ya kuondoa.

Watoto wakiwepo nyumbani, kabla ya kuvutwa na uzuri wake fanya mambo mawili. Funga mnyororo au kizuizi kinachouzuia mfuniko usianguke, na ondoa ulimi wa kitasa au komeo linalojifunga lenyewe. Mtoto akijificha ndani na mfuniko ukajifunga, hewa haichukui muda kwisha.

Almari inashinda kasha kwa karibu kila kipimo cha matumizi: unaona kila kitu ukifungua mlango, nguo zinaning'inia, hewa inapita. Almari nzuri za zamani zinafunguka sehemu tatu: taji la juu, mwili, na kitako chenye droo, zikishikwa na kabari za mbao au boliti. Mwambie muuzaji alifungue mbele yako. Akikataa au likigoma, jua limegundishwa wakati fulani na litasafiri zima.

Kwenye mbao za almari, tofauti ni hizi. Msaji una mafuta yake ya asili, mchwa na ukungu havimpendi, lakini mafuta hayo hayo hufanya gundi isishike. Fundi anayegundisha msaji bila kufuta uso kwanza kwa asetoni anakutengenezea kazi ya mwaka ujao. Mvule una nguvu inayokaribia msaji na ni rahisi zaidi kupatikana. Ndani yake huwa na vijiwe vya chokaa vinavyoua meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo kazi ya msasa ifanyiwe nje na kwa barakoa. Mninga hutulia kuliko yote, haunyauki wala kuvimba sana, na droo zake huteleza misimu yote. Mkangazi unapendeza kwa wekundu wake lakini mchwa humla. Almari ya mkangazi isisimame juu ya sakafu ya udongo au karibu na ukuta wenye njia za mchwa.

Zipo pia samani zilizotengenezewa nyumba za maofisa wa serikali ya kikoloni, za mvule na mninga, nzito na zisizo na nakshi hata kidogo. Kizuri chajiuza, wanasema, lakini hizi hazijiuzi, na ndiyo maana bado zinapatikana kwa bei ya mbao zake. Ukiona kabati la droo tano la aina hiyo linakusanya vumbi nyuma ya makasha yaliyopambwa, anzia hapo.

Jambo moja la misimu: mlango wa almari ukikaza wakati wa masika, usiurande. Mbao imekunywa unyevu. Ikifika kiangazi itarudi, na mlango uliorandwa utabaki na mwanya wa kuingiza kidole na mende. Paka nta ya mshumaa ukingoni, subiri ukavu, ndipo uamue.

Vioo na vinia

Kabati la vioo linafaa vyombo vya wageni. Kwa vitabu vingi halifai, kwani rafu zake ni nyembamba na mara nyingi hazina mhimili wa kati. Kioo chenyewe kinatoa ushahidi wa umri: simama pembeni, angalia taswira ya dirisha ikipita juu yake ukitembea. Ikiyumba, kioo ni cha namna ya kale. Ikitulia kabisa, huenda ni kioo cha kisasa, cha teknolojia iliyotangazwa na Pilkington huko Uingereza mwaka 1959. Kioo kimoja kilichobadilishwa si hoja. Vyote vikiwa vipya na muuzaji anasema kabati ni la enzi ya babu yake, mpunguze bei. Gonga kila kioo kwa ukucha: kinachocheza kimekosa kishikizo na kitaanguka siku mlango utakapobamizwa.

Kabati fupi la miaka ya 1950 na 1960, la kuweka chini ya televisheni, lina mistari safi na droo za kina kizuri. Linapendwa Nairobi kuliko pwani, na ipo sababu. Mengi yake yamevikwa vinia, yaani ukanda mwembamba wa mbao nzuri juu ya plaiwudi au chipubodi. Nairobi hewa ni kavu na linadumu. Pwani, chipubodi hunywa unyevu kutoka sakafuni kila inapopigwa deki, huvimba kingo za chini, na iliyovimba haiponi. Pitisha kidole chini ya ukingo wa mlango na miguuni. Ukihisi unene unaobadilika au chembe zinazodondoka, acha. Vinia iliyobanduka juu ya plaiwudi imara ni kazi ndogo: gundi ya mbao iingizwe kwa sindano, karatasi ya nailoni juu, ubao bapa, kamba au vibanio kwa saa 24.

Chuma

Godrej ya Bombay, iliyoanza na vitasa mwaka 1897, ilianza kutengeneza makabati ya chuma mwaka 1923, na makabati ya namna hiyo ni samani inayojulikana sana katika nyumba za Kihindi. Mengine yalitengenezwa Uingereza kwa ofisi. Hayaliwi na mdudu yeyote, yanafunga kwelikweli, na hayauzwi kwa bei ya urembo.

Adui ni kutu, na kutu huanza mahali usipoona. Lilaze chali, uchunguze kitako na sentimita 10 za chini za kuta zake. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi: rangi iliyovimba kama malengelenge ina kutu chini yake, na bisibisi ikipenya, chuma kimekwisha. Kitako peke yake hubadilishwa na mchomeleaji kwa bati la milimita 1 hadi 1.2. Kuta zikiwa zimeliwa, usijitaabishe. Kutu ya juu juu isuguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe dawa ya asidi ya fosforiki, ikauke, kisha rangi ya awali ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya juu.

Usinunue bila ufunguo kwa matumaini ya kuchongesha. Kitasa chake huendesha fimbo mbili zinazoingia juu na chini ya mlango, na mlango ulioinama hukataa kufunga hata ufunguo ukiwa sahihi. Jaribu kufunga mara tatu kabati likiwa wima na limesawazishwa. Na pwani, kwa sababu chuma hupoa usiku na hewa ya ndani ikatoa matone, hati zisigusane na ukuta wa kabati: ziwe kwenye bahasha za nailoni, na mfuko wa chembe za silika uwekwe kila rafu.

Kabati la wavu, lile la jikoni lenye milango ya wavu mwembamba, bado ni hodari kwa vitunguu, mikate na chakula kilichopikwa kinachosubiri saa mbili tatu. Miguu yake husimamishwa ndani ya vikopo vya maji ili sisimizi wasipande. Kagua miguu tu, kwani ndiyo inayooza kwa maji hayo hayo. Wavu ukitoboka, ni kazi ya nusu saa.

Ukaguzi dukani, na uongo unavyojulikana

Nenda na tochi, sumaku, bisibisi, karatasi nyeusi na kitambaa. Toa droo zote uziweke sakafuni, kwa sababu ukweli wa kabati uko nyuma ya droo.

Angalia kona za droo kwanza. Fundi wa mkono aliunga mbele na ubavu kwa meno yanayopanuka mwishoni, yasiyolingana upana, na mara nyingi mstari wa alama ya kupimia bado unaonekana. Meno yanayofanana kabisa, membamba na mengi, ni ya mashine. Kona iliyopigiliwa misumari tu ni droo ya haraka, au ni droo iliyobadilishwa. Chini ya droo na ndani ya mwili wa kabati, mafundi wa zamani hawakupoteza vanishi. Mbao zinatakiwa ziwe kavu, zimekolea kwa hewa na miaka, kwa rangi iliyo sawa. Ukikuta rangi ya kahawia imepakwa hata chini ya droo, mtu alikuwa anaficha mbao mpya.

Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930. Zikiwa kwenye bawaba zote za kabati linalosemwa ni la miaka ya 1890, ama bawaba zimebadilishwa ama kabati ni jipya: tafuta matundu ya zamani yaliyozibwa. Msaji wenye mistari mipana ya ukuaji na weupe mwingi pembeni ni wa mashamba, uliokatwa mdogo. Ule wa kale una mistari iliyobanana.

Shaba ijaribiwe kwa sumaku. Shaba haivutwi. Misumari mingi ya njumu ya sasa ni kofia nyembamba ya shaba juu ya mguu wa chuma, na sumaku huidaka. Pwani, mguu huo hushika kutu na kutoa duara jeusi kwenye mbao, kwa kuwa chuma na tanini ya mbao vikikutana na unyevu hutengeneza wino. Weusi huo hautoki kwa msasa mwepesi. Mgeni hudhani ni alama ya uzee.

Halafu kuna mbao za majahazi. Samani zinazofanywa kwa mbao za vyombo vilivyovunjwa zimejaa Zanzibar, Lamu na Malindi, nyingine nzuri mno. Mbao ni za zamani, kabati ni la mwaka jana. Nunua kwa kulipenda, usilipie umri. Ujue pia kwamba mbao iliyokaa baharini ina chumvi, chumvi huvuta unyevu, na bawaba za chuma juu yake hazidumu. Dai bawaba za shaba.

Wadudu wawili ndio wa kuogopa. Wa kwanza hutoboa vitundu vya milimita 1 hadi 2 na kuacha unga laini. Hula sehemu nyeupe ya pembeni mwa gogo na kuacha moyo wa msaji. Matundu ya zamani yasiyo na unga si tatizo. Omba kabati liwekwe juu ya karatasi nyeusi kwa wiki mbili kabla ya kulichukua: unga mpya, mweupe, ukidondoka, wadudu wangali ndani. Wa pili ni mchwa wa mbao kavu, asiyehitaji udongo. Huacha vichembe vikavu saizi ya mchanga, vyenye pande sita, kwenye kona za chini. Huyu ni mbaya zaidi, kwa sababu nje mbao hubaki nzima huku ndani ni ganda. Gonga kwa mpini wa bisibisi ukisikiliza sauti tupu. Dawa ya mbao yenye permethrini huingizwa kwa sindano kwenye kila tundu, ikarudiwa baada ya wiki kadhaa. Droo au kibweta kinaweza kufungwa kwenye nailoni na kukaa ndani ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mwili mzima wa almari uliojaa mchwa wa mbao kavu, uache hapo hapo dukani.

Rangi ya kupaka ya zamani, hasa nyeupe na kijani iliyopasuka kama ngozi ya mamba, inaweza kuwa na madini ya risasi. Usiisugue ikiwa kavu, na usiilete ndani ya nyumba yenye mtoto mdogo kabla haijaondolewa na fundi kwa dawa ya kuyeyusha.

Likishafika

Kabla ya kusafisha jua limepakwa nini. Tone la spiriti kwenye sehemu iliyofichika: uso ukinata baada ya dakika moja, hiyo ni shelaki, na inarekebishika kwa kupaka juu yake bila kukwangua. Tina ya rangi ikiulainisha na spiriti haikufanya kitu, ni laka ya kunyunyiza. Vyote vikishindwa, ni vanishi ya kisasa ya plastiki. Shelaki haitaki glasi baridi wala sufuria ya moto: alama nyeupe hubaki.

Shaba kusuguliwa kwa ndimu na chumvi au ukwaju ni desturi, nayo inang'arisha kweli, ila kwa bamba lililotolewa kwenye mbao tu. Asidi ikikaa kwenye shaba huondoa zinki na kuacha wekundu, na ikiingia kwenye mbao huacha doa. Misumari iliyobaki mahali pake ifutwe kwa kitambaa na dawa kidogo ya shaba, bila kusugua mbao inayoizunguka. Ukitumia mafuta ya kitani kwenye mbao, matambara uliyotumia uyatandaze nje yakauke au uyaloweke majini. Yakikunjwa na kurundikwa hupata joto yenyewe na kuwaka moto.

Kwa harufu ya ukungu, fungua kila kitu kivulini siku mbili zenye upepo, futa ndani kwa kitambaa kilichokamuliwa cha siki na maji nusu kwa nusu, kausha. Dhidi ya nondo, vidonge vya naftalini visiwekwe na nguo za watoto wachanga: mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea sehemu zenye malaria, anaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu. Karafuu ndani ya kitambaa hutosha kutoa harufu nzuri. Kinachozuia nondo hasa ni nguo kuwa safi na kavu zinapoingia.

Kuta za mawe na chokaa za miji ya pwani hupandisha unyevu na chumvi. Acha sentimita 5 hadi 10 kati ya ukuta na mgongo wa kabati, na uliinue kwa vipande vya mbao vya sentimita 3. Kabati refu lifungwe ukutani kwa pembe za chuma. Katika ukuta wa chokaa plagi fupi ya plastiki hutoka na vumbi lake, kwa hiyo tumia skrubu ndefu za sentimita 10 na plagi ndefu, au ufunge kwenye boriti.

Kulisafirisha nje

Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki bila kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inatumia mwaka 1863 kwa vitu vilivyotengenezwa na binadamu, na 1940 kwa milango ya nakshi. Zanzibar ina mamlaka yake, uliza hapo hapo kabla ya kupakia. Kasha la ule mti mzito wa India lina kikwazo kingine: jamii yote ya mpingo imo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, na msamaha wa kilo 10 kwa bidhaa zilizokwisha kutengenezwa haulifikii kasha zima. Msaji haumo. Hii peke yake inatosha kumfanya anayehamia Muscat au London achague msaji.

Kabati lililozoea unyevu wa pwani likiingia nyumba yenye kiyoyozi au kipasha joto hunyauka kwa upana wa mbao, na bao pana za mgongo na mfuniko ndizo hupasuka. Liweke mbali na mdomo wa kiyoyozi, acha milango na droo wazi kidogo mwezi wa kwanza, na bakuli la maji ndani likisaidia. Ufa ukitokea usiujaze mara moja. Subiri mwaka mzima upite na misimu yake, kwa kuwa ufa wa kiangazi uliojazwa hubanwa mbao inapovimba tena, na safari hii hupasukia pembeni mwa ule wa kwanza.